Wa Mwisho Kwenye Orodha

Kihara, karani wa mapokezi katika kliniki ya macho pale Skuta, alikuwa amelaumiwa wiki tatu mfululizo. Kila siku mgonjwa mmoja alifika na ujumbe wa miadi kwenye simu, lakini jina lake halikuwa kwenye orodha iliyochapishwa. Daktari alimkaripia. Kagwiria, msichana wa Meru aliyeutengeneza mfumo wa kompyuta wa miadi hiyo, alimwambia kwa simu, "Mzee, kompyuta haisahau mtu. Angalia vile unaandika."

Jumanne Kagwiria alikuja kuunganisha printa mpya, akamkuta Kabura, bibi mzee kutoka Gakindu, amesimama dirishani na mkongojo.

"Ni mara ya pili narudishwa," Kabura alisema. "Na jina yangu niliandikisha."

Kagwiria aliishika orodha. Mgonjwa mmoja, Wambugu, alikuwa namba kumi na tisa, na tena namba ishirini. Alipochungulia kwenye kompyuta, namba ishirini ilikuwa Kabura. Kihara alikuwa ameandika sawasawa.

Aliketi kando ya Kihara, akaanza kusoma maagizo ya mfumo aliyoyaandika mwenyewe kwa PHP, lugha ya kompyuta. Mzunguko wa kwanza, uliopitia wagonjwa mmoja mmoja, ulisafisha namba za simu, na hapo alikuwa ameweka alama ya & mbele ya jina $mgonjwa, ili jina hilo limshike mgonjwa mwenyewe, si nakala yake. Mzunguko ulikwisha, lakini $mgonjwa liliendelea kumshika wa mwisho. Mzunguko wa pili, wa kuchapisha, ulitumia jina lilo hilo, kwa hiyo kila aliyesomwa aliandikwa juu ya nafasi ya mwisho. Zamu ya Kabura ilipofika, Wambugu alikuwa ameshakaa hapo.

Kati ya mizunguko hiyo miwili aliongeza unset($mgonjwa), agizo la kuliachilia jina hilo, akachapisha upya. Kabura akatokea.

"Ingia, cucu," Kihara alimwambia nyanya huyo.

Kagwiria alikuwa amejiinamia. "Mzee Kihara, nilikukosea. Kosa ni langu."

"Usiniambie mimi. Mwambie daktari."

Akaenda, akamwambia, mbele ya wauguzi wote.

Aliporudi walizipitia orodha za nyuma. Wagonjwa wengine kumi na wanne walikuwa wamerudishwa nyumbani bila kuonwa. Kihara aliwapigia mmoja mmoja. Mzee mmoja kutoka Wamagana akasema, "Mimi nilidhani mmeona nimezeeka, ati hakuna haja."

Kagwiria aliyasikia maneno hayo, akageukia dirisha.

"Hapana, baba," Kihara alijibu taratibu. "Kuja kesho asubuhi. Tunakungoja."