Ziwa Halina Chumvi

Maji yalianza kunidondoka puani mvua za kwanza baada ya ziwa kumchukua mwanangu Protasi. Mwili wake hatukuupata.

Hayakuwa mafua. Yalikuwa maangavu, yalitoka tundu la kushoto tu, na kila nilipoinama kuanika usipa, dagaa wetu, yalichuruzika hadi kwenye mkeka. Watu wa kijiji chetu cha Mbaha wakasema ziwa limeniingia kichwani. Nikafurahi, nasema kweli. Nikilala chali niliyasikia yakishuka taratibu nyuma ya koo, na Protasi yumo humo anaogelea, hana haraka ya kutoka. Msibani sikuwa nimelia, na sasa sikuona sababu. Ya nini kumlilia mtoto aliyerudi?

“Wifi, hayo ni makamasi yaliyokosa adabu,” alisema Kunigunda, dada wa mume wangu, ambaye mdomo wake hauna breki. Kichwa kilipoanza kuniuma sana akanipakia kwenye bodaboda, tukapanda milima mpaka hospitali ya Litembo.

Daktari alikuwa binti mgeni, mpole. Aliniamkia shikamoo, akaniinamisha juu ya kichupa. Tone, tone, tone.

“Mama, haya ni maji yanayoulinda ubongo,” alisema. “Nadhani presha ndani ya kichwa imepanda, mfupa mwembamba juu ya pua ukatoboka wenyewe. Tusipoziba, vijidudu vitapanda huko juu, upate homa ya uti wa mgongo. Inaua.”

“Hakuna wa kuziba,” nikasema, nikachukua kanga yangu. Nimfungie mwanangu mlango kwa mkono wangu mwenyewe?

Hakubishana nami. Aliuliza tu, “Yakishuka kooni, yana ladha gani?”

“Chumvi.”

Kunigunda akanitazama. Safari hii hakunitania. “Wifi,” alisema polepole, “ziwa letu lina chumvi tangu lini?”

Nilitamani kumzaba kibao. Maji ya ziwa lile nimeyanywa tangu nizaliwe. Nikakaa chini.

Hospitali ya rufaa walipima maji yale, wakapiga picha ya kichwa, na tundu likaonekana. Wakanilaza usingizi, wakapitisha kamera puani humohumo, wakaziba kwa kipande cha utando walichokitoa pajani kwangu. Nilikatazwa kupenga, kubeba ndoo, hata kupiga chafya na mdomo umefungwa. Kunigunda akawa askari wangu, na askari mkali.

Siku niliyoruhusiwa kuinama nilishuka ziwani peke yangu. Maji yalikuwa yametulia. Nikainama mpaka ncha za kanga zikalowa, nikangoja. Puani hakikutoka kitu. Kichwani kimya, hakuna aliyekuwa akiogelea.

Nikachota kwa kiganja, nikanywa. Maji baridi, hayana ladha yoyote. Nikamwita Protasi kwa sauti.

Kisha nikaonja chumvi mdomoni. Nikashtuka, nikashika pua. Ilikuwa kavu. Yalikuwa yanatoka machoni.