Maua ya Mteja Mwingine

Mimi ni mchonga mawe ya makaburi hapa Shimane, kama alivyokuwa baba yangu. Siku hizi mawe hayaagizwi. Vijana wamehamia Osaka na Tokyo, na wazee waliobaki walishajiandalia makaburi yao zamani. Nilipotimiza miaka sitini na tatu nilikuwa nashinda karakanani nikinoa patasi ambazo hazikuwa butu.

Mke wangu Chizuru ndiye aliyefungua ukurasa kwenye mtandao. Alikuwa amejifunza mambo ya simu kwenye darasa la wazee pale ukumbi wa manispaa, na hakutaka elimu ile ipotee bure. Aliandika kwamba Bwana Iwatsuki, fundi mwenye uzoefu wa miaka arobaini, atazuru kaburi la wazazi wako kwa niaba yako: atang'oa majani, atasugua jiwe, atawasha udi, na wewe utaona kila kitu kwenye simu yako na kusali hapohapo ulipo.

"Nani atamtuma mtu baki akamsalimie mama yake?" nilimuuliza.

"Wewe mwenyewe kwa mama yako huendi mpaka nikukumbushe," alisema. "Vaa shati safi nikupige picha."

Wiki ya kwanza waliagiza watu wanne. Mmoja alikuwa ndani ya treni huko Tokyo, na kwa kuwa huku kwetu si adabu kuongea na simu kwenye treni, alisali kwa kuandika. Nilimsomea marehemu kwa sauti: "Mama, nimepandishwa cheo. Nashuka kituo kinachofuata." Kisha akakata. Jioni alitupa nyota tano kwenye ukurasa.

Mwezi Machi, wiki ya kuzuru makaburi, aliagiza mama mmoja wa Sapporo, Bi Toshie. Wazazi wake, kina Kurebayashi, wamelala mlimani nyuma ya hekalu, safu ya tatu, chini ya jiwe nililolichonga mimi. Alitaka maua meupe na kikombe cha chai. Alisali kwa muda mrefu amefumba macho, nami nimeshikilia simu mbele ya jiwe kama mtu anayemwonyesha polisi kitambulisho.

Siku nne baadaye aliagiza bwana mmoja wa Nagoya, Bwana Norihiko. Kaburi ni lilelile. Yeye alitaka sake, pombe ya mchele, ile ya glasi yenye kifuniko ambayo baba yake alikuwa akiinywa.

"Hayo maua kaweka nani?" aliuliza.

"Mteja mwingine."

"Mteja gani?"

"Siruhusiwi kusema, bwana. Iko kwenye kanuni za ukurasa."

"Yatoe. Na sake iache hapo."

Nikayatoa. Yalikuwa bado mabichi, kwa hiyo nilimpelekea Chizuru akayatia chomboni sebuleni.

Mwezi wa Aprili Bi Toshie akaiona glasi. "Nani kamletea baba pombe? Baba alikufa kwa ini."

"Mteja mwingine."

"Huyo mteja mwingine mwambie..." Akasita. "Hapana. Usimwambie kitu. Itoe tu."

Nikaitoa. Ilikuwa haijafunguliwa, nikainywa baada ya chakula.

Tukaenda hivyo mpaka Julai. Mmoja akiweka, mwingine anatoa, na mwekaji na mtoaji wote ni mimi. Chizuru alisema sebule yetu imeanza kunuka matanga.

Siku moja Bi Toshie alimaliza kusali lakini hakukata simu.

"Bwana Iwatsuki, una watoto?"

"Mmoja, yuko Hiroshima."

"Mnaongea?"

"Tuna kundi la familia kwenye simu. Huwa anatuma picha za paka wake."

"Sisi tulikuwa na kundi la watu watatu," alisema. "Mama, mimi na mdogo wangu. Siku ya pili baada ya mazishi ya mama, mdogo wangu akajitoa. Hakuaga. Niliona maandishi tu: Norihiko amejitoa kwenye kundi. Sasa tumebaki mimi na mama."

Nikampa pole. Akanishukuru, akasema kule Sapporo kuna mvua.

Ikafika Obon, zile siku za Agosti ambazo marehemu hurudi nyumbani. Chizuru alikaa na kalenda yake, akakuna kichwa.

"Wote wawili wanataka tarehe kumi na tatu, saa tatu asubuhi," alisema.

"Mmoja asogee."

"Nimeshawaomba. Hakuna anayesogea." Akavua miwani. "Simu ni moja, kaburi ni moja. Waunganishe."

"Na kanuni?"

"Kanuni niliiandika mimi."

Basi saa tatu nikasimama mbele ya jiwe, jua linanichoma kisogo, nikabonyeza pale aliponielekeza Chizuru. Zikatokea sura mbili kwenye kioo, moja juu, moja chini.

"Umenenepa," Bi Toshie akasema.

"Ni kamera," Bwana Norihiko akasema.

"Wewe ndiye uliyekuwa unatoa maua yangu."

"Na wewe sake yangu, dada."

"Niliyetoa ni mimi," nikasema, maana ndiyo kweli, lakini hawakuwa wakiongea na mimi.

Wakazozana. Nani alimpeleka mama kwenye nyumba ya wazee, nani alisema atakuja mwaka mpya akatuma kikapu cha machungwa badala yake. Udi ukaungua mpaka ukaisha. Mbu walikuwa wamenigundua.

"Bwana Iwatsuki, picha inatetemeka," Bwana Norihiko akasema.

"Mkono umechoka."

"Badilisha mkono."

Nikabadilisha. Hapo ndipo Bi Toshie akamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini alijitoa.

"Kila nilipofungua lile kundi niliuona ujumbe wa mwisho wa mama: Umekula? Niliusoma nikiwa kazini, nikasema nitamjibu nikitoka. Usiku wake wakanipigia kutoka hospitali."

"Hakuandika 'umekula'," dada yake akasema. "Aliandika 'mmekula'. Alituuliza wote. Chini yake pameandikwa: umesomwa na wawili."

"Wawili?"

"Wewe na mimi. Na mimi nilikuwa kazini."

Nilitazama jiwe kwa sababu sikujua nitazame wapi. Kwenye herufi ya pili ya jina lao kuna ukingo nilioukata vibaya nikiwa kijana, na hakuna mtu aliyewahi kuugundua. Niliutazama huo. Bwana Norihiko alikuwa akivuta makamasi. Dada yake akamwambia ajifute, akasema amekuwa hivyo tangu shule ya msingi. Kisha simu ikaandika kwamba joto limezidi, ikazimika yenyewe.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika tumepoteza wateja wawili kwa mpigo mmoja. Septemba likaja agizo moja lenye majina mawili. Walitaka maua na sake, na chini Bi Toshie ameongeza kwamba sake iwe nusu glasi kwa sababu ya ini. Walitupa nyota nne. Maelezo yao yalisema kwamba mzuru kaburi ni mstaarabu, ila hawezi kushika simu.

Chizuru aliuchukulia vibaya ule upungufu wa nyota. Mimi nilikuwa radhi.

Aprili mwaka jana wakaandika tena. Walikuwa wamekubaliana kulifunga kaburi na kuwahamishia wazazi Nagoya, kwenye jengo ambalo unagusisha kadi ukutani na unaletewa majivu ya marehemu kwenye kidirisha. Walikuja wenyewe. Bwana Norihiko ni mfupi, ananifikia mabegani, wakati kwenye simu nilimdhania mrefu. Mtawa wa hekalu alisoma sala zake, kisha nikaligonga jiwe kwa nyundo ya mbao mpaka likaachia. Nilitoa mitungi miwili ya majivu, nikaifuta vumbi, nikampa kila mmoja wake. Walishangaa jinsi ilivyo mizito.

Saa sita tulikula wali uliofinyangwa matonge aliotufungia Chizuru, tumekaa kwenye ukuta mdogo wa makaburi. Bi Toshie aliuliza jiwe linakwenda wapi. Nikamwambia linasagwa, linakuwa kokoto za barabara.

"Barabara gani?" mdogo wake akauliza.

"Yoyote inayohitaji."

Akaitikia kwa kichwa. Niliwapeleka stesheni kwa gari langu la mizigo, mitungi wameipakata, wakapanda treni ya saa nane. Kisha nikarudi mlimani, maana shimo lilikuwa bado halijafukiwa.