Diski Iliyopanga Mashamba

Julai ya mwaka wa tisini na tatu ilikuwa na baridi kali, na Mukami hakuiwasha kompyuta ya chama cha ushirika wa kahawa, pale Karurumo, kabla ya kuiwekea kikombe cha uji moto mgongoni, mahali ilipokaa diski. Diski ikipoa sana ilikataa kuzunguka. Ikipata joto ilizunguka, lakini ukiita faili ya mkulima mmoja ilikoroma na kukwaruza hadi uji ukapoa. Foleni ilifika barabarani, na lawama zote zilimwangukia Mukami, utadhani yeye ndiye aliyeiunda ile mashine kuukuu.

Mwenyekiti Njuki akamwita fundi Ndambiri kutoka Embu mjini. Ndambiri alisikiliza ile mikwaruzo, akatikisa kichwa.

"Shida si uzee," alisema. "Faili ya mtu mmoja imekatikakatika. Kipande kiko huku, kingine kule, na kichwa cha kusomea kinarukaruka kuvitafuta. Ni kama mashamba ya hapa kabla serikali haijayapima. Mtu alikuwa na ndizi bondeni, mahindi huko juu, muhogo kwa mjomba. Tumkusanye kila mtu mahali pamoja."

Akaingiza programu yake, iliyokuwa kwenye kidiski cha plastiki. Programu iliuliza nani atangulie, kwa maana mwanzo wa diski ndio husomwa upesi. Ndambiri alieleza kwamba kwa kawaida faili zinazofunguliwa sana ndizo hukaa mbele. Mwenyekiti alisema ni sawa, ila viongozi watangulie, heshima tu. Mukami akabonyeza kukubali. Hakuona ubaya, alitaka foleni iishe.

Vijisanduku vikaanza kuhama kwenye skrini, kimoja baada ya kingine, na huko nje mashamba nayo yakaanza kuhama. Mgomba wa mzee Njue ulivuka barabara na udongo wake, pamoja na mbuzi aliyefungwa shinani, na mbuzi hakuacha kutafuna. Watu walisimama kando, kama wanavyopisha ng'ombe. Mama mmoja aliyekuwa akichuma kahawa alisafiri na mibuni yake, na alipofika ng'ambo aliendelea na tawi lile lile.

Kufikia saa ya chai kila mtu alikuwa na shamba moja, na kila faili ilifunguka papo hapo. Watu walipongezana. Mzee Njue alisema afadhali, miguu yake ilikuwa imechoka kuzunguka.

Jioni akaingia Cucu Wambeti, nyanya yake Mukami. Alikuwa akichimba nduma kando ya mto shamba lilipoondoka naye, na matope yalikuwa yamemkaukia miguuni.

"Nimewekwa huko juu kwa mawe," alisema. "Nduma nimekuja nazo, lakini huko zitakunywa nini? Na guka yako amebaki mtoni."

Mukami alitazama skrini. Faili ya Cucu, ambayo ilikuwa haifunguliwi ila kwa nadra, ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye diski. Kaburi la guka, babu yake Mukami, halikuwa na faili, kwa hiyo halikuhama. Sasa lilikuwa katikati ya shamba la Njuki, lililotangulia kwenye diski na kujikusanya lote kando ya mto.

Ndambiri, akifunga mkoba wake, alisema diski inaweza kupangwa tena, lakini mpangilio ni wa mwenye mashine.

"Mama, mimi nakuheshimu kama mama yangu mzazi," Njuki alisema. "Lakini hii kitu sasa inakimbia. Turudi nyuma kwa sababu ya nduma? Hilo kaburi sitalikanyaga, nitalima kando yake tu."

Akakichukua kile kidiski cha programu, akakifungia kwenye droo, ufunguo akautia mfukoni. Waliokuwa kwenye foleni walikumbushana kwamba mwenye nguvu mpishe, wakaenda kwenye mashamba yao mapya. Mukami aliona aibu, na aibu hiyo haikumtoka.

Katika maneno yote ya fundi, kama Mukami alivyomsimulia, Cucu alikuwa ameshika moja: faili zinazofunguliwa sana hukaa mbele. Tangu hapo kila asubuhi hushuka kutoka kwenye mawe, na kikombe cha uji wa kuipasha diski joto huja nacho mwenyewe.

"Nifungulie, mjukuu wangu."

Mukami humfungulia.

"Nimesogea?"

"Bado, Cucu."

Mukami alikwisha kumwambia wazi kwamba bila ile programu iliyo kwenye droo hatasogea hata afunguliwe mara elfu. Cucu alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Wewe fungua tu. Ijue kwamba nipo."

Faili hufunguka mara moja, kabla Cucu hajaketi kwenye benchi. Kisha Cucu hushuka hadi kwenye lango la Njuki kuomba apite akang'oe magugu kaburini kwa mumewe. Mlinzi humwambia mwenyekiti ana wageni, asubiri kidogo, naye husubiri.