Nyumba Waliyoiruka

Fundi bomba alikuwa na maneno yake ya mlangoni, na aliyajua kama anavyojua koki na viungio vya mabomba. Hodi tatu, hatua mbili nyuma ili mwenye nyumba asijione amezingirwa, kisha tabasamu, kisha jina la chama. "Ni chama chetu cha vijana, mama. Mwaka huu tunachangisha gari la kambi." Mwenye kutoa alitoa, mwenye mkono wa birika akafunga mlango, naye fundi akawashukuru wote wawili kwa sauti ileile.

Mwaka huo alipangwa pamoja na muuguzi, binti aliyelelewa na chama tangu ana umri wa miaka kumi na miwili, akaenda kusoma mbali kwa miaka kumi na sasa amerudi na kazi yake. Binti alibeba kitabu cha stakabadhi na orodha ya nyumba, na mdomo wake haukupoa tangu asubuhi. Alisema fundi anagonga milango kama polisi. Alisema watu wanatoa haraka ili tu aondoke.

Walikuwa wamemaliza nyumba sita za upande wa kushoto. Ya saba ilikuwa na geti la kijani lililopakwa rangi kwa haraka, matone yamekaukia kwenye bawaba. Fundi alilipita bila kupunguza mwendo.

"Kaka, umeruka moja," muuguzi alisema.

"Hiyo tunairuka."

"Kuna mbwa?"

"Hakuna mbwa."

Binti akamtazama usoni, na mzaha uliokuwa unakuja ukaishia njiani. Fundi alisimama kwenye kivuli cha ukuta akamweleza kwa ufupi. Miaka minane iliyopita, kwenye kambi aliyoisimamia yeye, kijana wa nyumba hiyo alibanwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikwisha. Gari lililowapeleka lilikuwa limesharudi mjini, lingewafuata kesho yake. Fundi alimbeba mgongoni mwendo wa saa nzima hadi barabara kuu, na kabla gari lolote halijasimama, kijana alikuwa ameshakata roho. Uchunguzi ulifanyika, ukasema hakuna wa kulaumiwa. Tangu hapo viongozi wa chama walikubaliana nyumba hiyo isigongwe. Wasije wakawatonesha kidonda.

"Kwa hiyo hili gari tunalochangisha…" muuguzi alianza.

"Ndiyo. Sasa nikawaombe hao hela ya gari ambalo mtoto wao alilikosa? Nianzie wapi?"

Geti la kijani likafunguka. Mama wa kijana alitoka na beseni la nguo zilizokamuliwa, akaliweka chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Fundi," alisema.

"Mama. Habari za siku nyingi?"

"Shikamoo, mama," muuguzi aliamkia.

"Marahaba, mwanangu." Lakini macho yake yalikuwa kwa fundi. "Miaka minane. Kila mwaka nasikia hodi kwa jirani wa huku, kisha nasikia hodi kwa jirani wa kule. Kwangu nasikia viatu tu, vinapita. Sisi tuna ugonjwa gani?"

"Hatukutaka kuwaumiza, mama."

"Basi mmetuumiza kwa adabu. Ingieni."

Sebuleni, baba wa kijana alikuwa ameegemea mto kwa sababu ya mgongo. Uashi ulikuwa umemla viungo, na vidole vyake havikunyooka tena sawasawa. Redio ilikuwa inasoma habari. Aliipunguza sauti, hakuizima.

"Karibuni. Mnataka nini?"

Yale maneno ya mlangoni yalimtoka fundi kichwani yote. Alikaa ukingoni mwa kiti, akapiga moyo konde.

"Mzee, nimekuja kuchangisha, siwezi kukuficha. Lakini kuna ujumbe niliopaswa kuuleta humu ndani siku ileile, nikakaa nao."

Mama, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akashika fremu.

"Alikuwa mgongoni kwangu," fundi alisema. "Pumzi inakuja kwa taabu. Nikamwambia usiseme, tunza pumzi. Hakunisikia. Akasema, 'Hizi buti ni za baba. Nilizichukua bila kuomba. Mwambie anisamehe.' Alisema mara mbili, mzee. Mara ya pili nikamwambia utamwambia mwenyewe tukifika."

Mzee alinyoosha mkono akaizima redio. Ikasikika koki ya jikoni ikidondosha maji.

"Siku aliyoondoka," alisema mwishowe, "nilikwenda kazini na ndara. Mwashi mzima, na ndara. Vibarua wakanicheka. Nikarudi nimefura, nikamwambia huyu mama yake: mwanao ni mwizi, akirudi atanitambua. Mwizi. Neno langu la mwisho juu yake ndilo hilo. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na wewe una dawa yake mfukoni?"

"Niliogopa. Mazishini nilikuona, nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho."

"Miaka minane!" Mzee aliinuka kwa nguvu ambazo mgongo haukuwa nazo, akayumba. Fundi alitaka kumshika, mzee akamkatalia kwa kiganja. Akaingia chumbani, mlango ukabaki nusu wazi. Walisikia mtu mzima akilia kama asiyejua kulia, kwa kukwamakwama. Mama hakumfuata. Alikaa chini palepale kizingitini, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Mwache," alisema. "Siku ya kuzika hakulia."

Muuguzi, ambaye kazini huwaona wanaolia kila siku, aliinamisha uso kwenye orodha ya nyumba asisome hata herufi moja.

Mzee aliporudi alikuwa amenawa uso, maji yamelowanisha ukosi wa shati. Hakukaa.

"Hilo gari ni la nini hasa?"

"La kukaa kambini, usiku na mchana, tangu vijana wafike hadi waondoke. Halirudi mjini kwa sababu yoyote."

Mzee alitikisa kichwa polepole kukubali. "Ni jambo zuri. Lakini leo sitoi. Mkono haunyanyuki."

"Sikutegemea, mzee. Nisamehe."

Mama ndiye aliyejibu, akijiinua kwa kushika ukuta: "Mwakani mpige hodi. Tukikataa, tutakataa wenyewe."

Mzee aliwasindikiza hadi getini, hatua moja moja, mkono kiunoni. Alimtazama fundi kwa muda, kama anayepima ukuta kwa jicho, kisha akanyoosha kidole kuelekea nyumba inayofuata.

"Huyo jirani hasikii vizuri. Msihangaike na mlango, gongeni dirisha la pembeni."

Muuguzi ndiye aliyegonga, kwani fundi alikuwa ameegemea ukuta wa jirani, anajifuta macho kwa mkono wa shati. Dirisha likafunguliwa, na binti akaanza kueleza habari za gari, kwa sauti ya juu, neno kwa neno.