Wakwe Waliotupa Mgongo

Kwetu Gutu mshenga hapigwi kwa sababu amekosa. Anapigwa kwa sababu amefika. Nilipokwenda kwa mzee Chinembiri kumposea rafiki yangu Wirimayi, nilipokewa kwa fimbo ya mgongo kabla sijavua kofia. Nikacheka. Mgongo wangu umesoma kuliko kichwa.

"Umetumwa na nani?"

"Na njaa, Samaita," nikamjibu kwa jina la sifa la ukoo wake. "Kuna kijana ameonja sadza ya binti yako Rujeko, sasa ya mama yake haipiti kooni."

Mzee akageuza uso asije akacheka. Akasema binti hatoki bila ukoo kushuhudia, na ndugu zake wote wako Johannesburg, simu hawapokei.

"Sisi ni Mbizi, ukoo wa punda milia. Wewe si mpiga picha? Basi niletee hao punda milia wenyewe kwenye fremu. Wanitazame usoni, nijue wamekubali."

Alidhani ametufukuza kistaarabu. Hakujua tuna haraka: Rujeko alikuwa na mimba, ameanza kukimbia harufu ya dagaa wa kapenta, na siri hiyo tulikuwa nayo watatu tu. Tumbo likitangulia posa, Wirimayi angelipa faini mpaka uzeeni, na fimbo yangu isingekuwa tena ya mila.

Mimi na Wirimayi tukashuka hadi mbuga ya Gonarezhou. Tuliwakuta asubuhi karibu na mto Runde, kundi zima kwenye nyasi kavu. Nimepiga picha maharusi wengi, lakini nguo iliyoshonwa vile sijaiona: mistari imeshuka na kila paja, imezunguka kila shavu, hata singa hazikusahauliwa. Nikabaki nimeduwaa.

"Piga basi, bwana!" Wirimayi akaninong'oneza.

Nikainua kamera. Kundi likageuka, likatupa makalio.

Tukazungukia upande wa pili, nao wakazunguka. Tukatambaa kwenye miiba. Makalio. Wirimayi akachuchumaa, akawapigia makofi ya adabu kama aliye mbele ya wakwe: "Mbizi, tunaomba nyuso zenu!"

Mmoja akajamba.

"Haya, umejibiwa," nikamwambia. Askari wa mbuga aliyetusindikiza alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani.

"Wewe cheka tu!" Wirimayi akafoka. "Nitampelekeaje mkwe makalio ya ukoo wake?"

"Utampelekea wewe? Si mimi?"

Nikachagua picha yenye makalio ya heshima zaidi, nikaitia fremu, nikarudi Gutu. Wirimayi akajibanza nje ya ua kusikiliza.

Mzee aliitazama picha. Shangazi zake Rujeko wakatazama sakafu. Fimbo ilikuwa mapajani mwa mzee.

"Samaita, usikasirike," nikaanza. "Bibi harusi akisindikizwa, hugeuka nyuma? Hawa wamekwisha kubali. Hao wanatangulia kwa Wirimayi, na bibi harusi ni huyu wa mbele."

Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Nikajiona bingwa. Mzee akavaa miwani, akaisogeza fremu hadi puani.

"Na huyu?"

Kidole chake kilikuwa chini ya tumbo la yule wa mbele. Katikati ya miguu, uso mdogo wenye mistari, masikio wima, ulikuwa unatukodolea macho. Mtoto! Siku zote hizo sikuwa nimemwona.

"Kwa hiyo bibi harusi wako anakwenda na mtoto tayari?"

Nyuma ya mlango Rujeko akakohoa. Nje, miguu ikaanza kutimua mbio.

Fimbo iliyofuata sikuicheka. Kisha mzee akainuka, akaitundika picha juu ya redio.

"Wakubwa wote wamenipa mgongo," akasema. "Aliyenitazama ni mjukuu peke yake." Akafuta miwani. "Kamwite huyo mwendawazimu. Mwambie Mbizi wamekubali."

Nikatoka mbio nikipunga kofia. "Wiri! Wee Wiri! Umekubaliwa!"

Alikuwa amefika bondeni, suruali inapepea. Nilimwita hadi sauti ikaisha. Kama wakwe zake, uso hakunigeuzia.