Ndege wa Ua wa Tryphosa

Wiki mbili nzima wachuma chai wa Ikonge walibishana juu ya ndege mmoja mgeni aliyelia kwenye ua wa miti ya miiba ya kayaba uliozunguka nyumba ya Tryphosa, mjane mshonaji. Ndege huyo alipiga mluzi: miwili mifupi ya kupanda, mmoja mrefu wa kushuka. Huyu akasema amefuata mvua, yule akaapa ametoka mashamba makubwa ya Nyansiongo.

Phanice, mmoja wao, aliendelea kuchuma. Mluzi ule aliujua. Miaka kumi na minne iliyopita Sylvanus, mumewe, aliupiga nyuma ya zizi la baba yake Phanice, naye akajibu kwa kukohoa, maana mwanamke hapigi mluzi. Tangu wafunge ndoa hakuusikia tena. Alidhani umekufa kifo chake, kama mapenzi ya watu wengi wenye ng'ombe wa kukama.

Jumatatu Mwalimu Zachariah, mstaafu anayependa ndege kuliko watu, akaja kupimisha majani yake ya chai, akasikiliza, akacheka. Akawaeleza kwamba ndege huyo si mgeni hata kidogo. Ni mwigaji, huimba anachokisikia mahali anapolala.

"Kuna mtu anapiga mluzi hapo kwa ua," akasema. "Na si mara moja. Huyu hajifunzi kwa siku mbili."

Wachumaji wengine wakaridhika, wakarudi kwenye chai. Phanice akabaki na kikapu mgongoni, akiwaka wivu. Yeye aliyemzalia Sylvanus watoto watatu hajapigiwa hata nusu ya mluzi, na Tryphosa anapigiwa mpaka ndege wamehitimu!

Kesho yake alfajiri Sylvanus akaaga, kama kawaida, kwamba anapeleka maziwa. Phanice akamwambia ng'ombe mwekundu anachechemea, amtazame kwato kwanza. Mume alipoinama zizini, mke alikuwa ameshafika kwenye ua wa kayaba. Akalamba midomo, akapiga mluzi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ulitoka ukikwaruza, lakini ulitosha.

Mlango ukafunguliwa. Tryphosa akatoka amejifunga leso mpya, kikombe cha chai mkononi.

"Leo umechelewa," akanong'ona.

Phanice akajitokeza, akakipokea kile kikombe.

"Kweli nimechelewa," akasema, akanywa. Sukari ilikuwa nyingi, vile vile Sylvanus anavyopenda.