Mtoto Asiyekanywa

Kijijini pale palikuwa na msemo uliopendwa kuliko yote: mkono mmoja haulei mwana. Ulisemwa mikutanoni, ukasemwa harusini na msibani, na kila aliyeusema alitikisa kichwa kana kwamba ameutunga yeye. Mama Spoku, fundi wa baiskeli na mjane, alikuwa ameusikia kwa miaka tisa, tangu ahamie pale. Miaka yote hiyo alikuwa amelea wanawe wawili kwa mkono mmoja, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa umeshika spana.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe walimpa mapema kabisa; hakuna pancha ya kijiji kile ambayo hakuiziba yeye. Lakini ikija habari ya watoto, alibaki kuwa "yule wa kuja". Mtoto wa mwenyeji akimwaga maji njiani, alikemewa na wanawake watatu kabla ndoo haijatulia. Wakimwaga wa Mama Spoku, watu walitazama pembeni. Hakuna aliyewatuma dukani, hakuna aliyewavuta sikio, hakuna aliyewahi kuja kushtaki kwamba wamefanya hiki au kile. Mwanzoni alidhani ni heshima. Alikuwa mjinga, na baadaye alikiri mwenyewe.

Siku ya tangi ndiyo iliyomfumbua macho. Watoto sita walipanda ngazi ya chuma ya tangi la maji, ngazi iliyoliwa na kutu tangu zamani. Mama Duka, ambaye duka lake linatazamana na tangi, alitoka na ufagio mkononi akawaita mmoja mmoja kwa jina. Watano wakashuka mbio, naye akarudi ndani. Wa sita, binti wa Mama Spoku mwenye miaka kumi, alibaki juu amekumbatia chuma, akingoja zamu yake ya kuitwa. Alingoja mpaka mikono ikafa ganzi. Akashuka peke yake, kidato kikakatika, akaanguka na kuchanika goti.

Jioni mama yake alipokuwa akimwosha kidonda, mtoto aliuliza, "Mama, kwani mimi jina langu hawalijui?"

Mama Spoku alilifunga goti kwa kitambaa. Hasira alikuwa nayo, tena ya kutosha kijiji kizima.

Siku ya tatu akamwona mtoto wa Mama Duka, kijana wa miaka kumi, akiteremka mlima kwa baiskeli aliyoing'oa breki, kuelekea barabara ya malori. Fundi alitoka akasimama katikati ya njia, miguu kaitanua. Kijana akaburuza visigino, akaishia mchangani. Mama Spoku akamshika sikio, akamkemea mpaka majirani wakachungulia, kisha akafungua gurudumu la mbele akalitundika msumarini kibandani kwake. Akamwambia aende akamwite mama yake.

Mama Duka alikuja na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Nani kakupa ruhusa ya kumkanya mwanangu?"

"Nimejipa," alisema Mama Spoku, na spana hakuiweka chini. "Na nikimkuta tena nitamkanya tena. Wangu ulimwacha juu ya tangi. Ulikuwa na pumzi ya kuita majina matano, la sita likakushinda nini? Mkono mmoja haulei mwana, si ndivyo mnavyosema? Basi wangu huu hapa, nimeshautoa. Wenu uko wapi?"

Mama Duka akasema mgeni hana adabu, akaondoka, na gurudumu akaliacha. Kwa majuma mawili haikuja baiskeli hata moja. Watu walikokota zenye pancha hadi kijiji cha pili, tena wakipita mbele ya kibanda makusudi, naye akiwasalimia kwa sauti. Aliogopa, tusidanganyane, watoto walikula kwa spana ile. Lakini alikuwa ameapa kwamba hahami na radhi haombi.

Juma la tatu binti yake akaja mbio, amevimba kwa hasira. Mama Duka alikuwa amemfokea mbele ya watu wote.

"Kakuitaje?" mama aliuliza.

"Kwa jina langu. Lote, mpaka la baba. Na anakuja kukushtaki, eti nimekanyaga nguo alizoanika majanini."

"Umezikanyaga?"

Mtoto akatazama miguu yake, iliyokuwa bado na matope.

Mama Spoku akajifuta grisi, akatoa benchi nje, akalipangusa mara mbili. Machozi yalimlenga, akayafukuza. Hakutaka yule mwanamke amkute nayo. Mama Duka akafika na shuka chafu begani. Hata hodi hakupiga, akaanza moja kwa moja kwamba huyu mtoto hana macho, na mama yake akishindwa kumfunza, yeye atamfunza.

"Kaa kwanza," alisema Mama Spoku. "Gurudumu tutalizungumza baadaye. Sasa anza tena mwanzo, polepole, usiruke hata neno. Mashtaka haya nimeyangoja miaka tisa."